Usilihukumu Sanduku la Gia Kabla ya Kusikiliza Mashahidi

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi, nalo ni neno la haki katika mambo ya watu, kwa kuwa mjumbe huleta tu maneno aliyotumwa. Lakini katika mambo ya magari nimeona kinyume chake. Mara nyingi mjumbe ndiye mkosaji, naye bwana aliyepelekewa ujumbe ndiye anayeng'olewa mahali pake na kutupwa penye vyuma vikuukuu. Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya gari kuukuu ambalo gia zake hukataa kuingia, au huingia kwa kelele, au huchomoka zenyewe njiani. Yafaa kila mwenye gari la namna hiyo alijue jambo hili, maana kutolijua kwaweza kumgharimu mali yake, na hata uhai wake.

Mwezi wa Agosti 2022 jirani yangu, mwalimu mzee aliyekwisha kustaafu, alinijia jioni akaniomba nimwandikie hati ya kuuza ng'ombe wawili wa maziwa. Kazi yangu ni ukarani, na majirani huniletea barua na hati zao. Basi nikachukua kalamu. Lakini nilijua kwamba maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya wajukuu wake, kwa hiyo nikamwuliza, "Mwalimu, kuna msiba gani?" Akainamisha kichwa akasema, "Mwanangu, giaboksi ya Kombi yangu imekufa."

Kombi hiyo ni ya mwaka 1975, ya namna ile iliyogeuzwa kuwa nyumba ya safari. Ina kitanda cha kukunja, kabati, meza ndogo, jiko la gesi, na paa linaloinuliwa gari likiisha kusimama. Mwalimu aliinunua kwa sehemu ya malipo yake ya kustaafu, kwa kuwa tangu ujana wake alitamani kuitembea nchi pamoja na mkewe bila kugharimia hoteli. Siku chache kabla ya kunijia alikuwa amewachukua mkewe na wajukuu watatu kwenda Nakuru. Walipokuwa wakiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, kabla ya kulifikia lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, gia ya pili ilichomoka. Mkono wa gia uliruka kana kwamba umesukumwa na mtu, injini ikaacha kulizuia gari, na gari likaanza kukimbia lenyewe kuelekea nyuma ya lori lililosheheni mizigo. Mwalimu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, akavuta na breki ya mkono, akalisimamisha gari kando ya barabara huku moshi ukitoka magurudumuni. Wajukuu walicheka wakidhani ni mchezo. Bibi yao hakucheka. Breki zilipopoa walishuka polepole mpaka chini, na njia nzima Bibi aliushika mkono wa gia kwa mikono yake miwili usichomoke tena.

Walipokwisha kurudi nyumbani, Mwalimu alilipeleka gari kwa fundi mmoja na kumwambia, "Giaboksi yangu imeharibika." Fundi aliendesha hatua chache, akatikisa kichwa, akakubali kwamba imeharibika, akataja bei ya kutafuta nyingine. Bei hiyo ndiyo iliyofanana na thamani ya ng'ombe wawili.

Nikaiweka kalamu chini. Mimi si fundi, lakini marehemu baba yangu alikuwa dereva wa kuwachukua watalii mbugani, naye aliendesha Kombi miaka mingi, na siku za Jumamosi mimi ndiye niliyemshikia spana. Alikuwa na desturi moja niliyoirithi: hakumwambia fundi kamwe jina la ugonjwa. Alimwambia dalili tu. Alisema kwamba ukimtajia fundi ugonjwa, atakutibu ugonjwa ulioutaja wewe, hata kama sio unaokuua. Kwa hiyo nikamwomba Mwalimu anipe siku moja ya Jumamosi kabla ya kuuza ng'ombe wake.

Ili tuelewane, hapana budi nieleze kwanza jinsi gari hili lilivyoundwa. Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1947 Mholanzi aitwaye Ben Pon alichora katika daftari lake umbo la gari mfano wa sanduku, na mwaka 1950 kiwanda cha Volkswagen kilianza kulitengeneza. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ilianza kutengeneza vifaa vya kulala na kupikia vya kutiwa ndani yake. Umbo la pili, ambalo ndilo la gari la Mwalimu, lilianza kutolewa mwaka 1967, na huko Ujerumani likakoma mwaka 1979. Lakini nchini Brazili magari ya ukoo huo yaliendelea kutengenezwa hata Desemba 2013.

Katika gari hili injini iko nyuma kabisa, na sanduku la gia, ambalo mafundi huliita giaboksi, liko mbele ya injini hiyo. Lakini dereva ameketi mbele, juu ya magurudumu ya mbele. Umbali kutoka magurudumu ya mbele hata ya nyuma ni mita 2.4, na amri ya mkono wa dereva hulazimika kusafiri sehemu kubwa ya umbali huo chini ya sakafu kabla ya kufika penye gia. Hupita katika ufito mrefu wa chuma. Ufito huo huongozwa na bushi, yaani pete ya plastiki inayouzuia usichezecheze, na karibu na sanduku la gia huunganishwa kwa kiungo kinachokazwa kwa skrubu. Kadhalika amri ya mguu wa dereva husafiri kutoka kwenye pedali ya klachi kwa njia ya waya mrefu hata nyuma, ambako waya huo huvuta mkono mdogo wa chuma unaofungua klachi.

Sisi makarani twajua vema habari za namna hii. Barua ikitoka katika ofisi moja isifike katika ofisi ya pili, hatumfukuzi mkubwa wa ofisi ya pili kwa kosa la kutoijibu. Kwanza twamwuliza tarishi. Na gari hili lina matarishi wawili, ufito na waya, wote wakiwa wazee wa karibu miaka hamsini, waliopigwa na vumbi, matope na maji maisha yao yote. Kwa hiyo twapaswa kuwahoji hao kabla ya kumhukumu bwana aliye mwisho wa njia. Nitawaeleza mambo matano tuliyoyafanya Jumamosi ile, kwa utaratibu wake.

Jambo la kwanza ni kuzijaribu gia injini ikiwa imezimwa. Lisimamishe gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kanyaga klachi hata mwisho, kisha ingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, halafu gia ya kurudi nyuma, ambayo katika gari hili huingia kwa kuukandamiza mkono wa gia chini, kuupeleka kushoto na kuuvuta nyuma. Ikiwa gia moja yakataa kidogo, usikate shauri upesi. Huenda meno yamekutana ana kwa ana. Lisogeze gari shubiri moja, urudishe mawe, ujaribu tena. Ikiwa gia zote huingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, lakini hukataa au hupiga kelele injini ikiwaka, basi mshuki wa kwanza ni klachi. Ikiwa hukataa hata injini ikiwa imezimwa, au dereva anaitafuta gia kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, basi mshuki wa kwanza ni ufito na viungo vyake.

Katika gari la Mwalimu gia ziliingia zote, lakini mkono wa gia ulikuwa mlegevu mno. Ukiwa ndani ya gia ya pili uliweza kuusogeza huku na huku karibu upana wa kiganja. Nikaandika jambo hilo katika daftari.

Jambo la pili ni kuihoji klachi. Washa injini iende polepole, bila mtu yeyote kusimama mbele wala nyuma ya gari. Kanyaga klachi hata mwisho, hesabu moja hata tano, kisha ingiza gia ya kurudi nyuma taratibu. Twachagua gia hiyo kwa sababu maalum. Gia nne za mbele zina pete za shaba ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa vyuma viwili kabla meno hayajakutana, na pete hizo zaweza kuficha kosa dogo la klachi. Gia ya kurudi nyuma haina pete hizo. Kwa hiyo haifichi kitu. Ikiingia kimya baada ya kuhesabu tano, klachi yaachia vizuri. Ikisaga, maana yake klachi ingali yazungusha vyuma ambavyo vingepaswa kuwa vimesimama.

Sababu za klachi kutoachia ni nyingi, na zilizo rahisi ndizo za kutazamwa kwanza. Ibonyeze pedali kwa kidole: yapaswa kwenda bure kiasi cha milimita 10 hata 20 kabla hujahisi uzito. Ikienda bure zaidi ya hapo, waya umelegea, na dawa yake ni kuikaza nati yenye masikio iliyo mwisho wa waya, karibu na sanduku la gia. Lakini usiikaze kupita kiasi, kwa maana pedali isiyo na nafasi kabisa huifanya klachi iteleze na kuungua. Utazame na waya wenyewe; nyuzi zake zikianza kukatika moja moja, ubadilishe leo, usingoje ukatike njiani. Na ikiwa gari lilikaa miezi mingi bila kuendeshwa, kama yakaavyo magari mengi ya safari, pleti ya klachi yaweza kugandamana kwa kutu. Mwisho wa yote kuna beringi ndogo ndani ya nati kubwa iliyo kati ya injini na klachi. Hiyo ikikwama, shafti huzunguka hata klachi ikikanyagwa, nayo haifikiwi mpaka injini ishushwe.

Klachi ya Mwalimu ilishinda mtihani huu. Pedali ilikwenda bure milimita 25. Tukaikaza nati mpaka ikabaki 15, na gia ya nyuma ikaingia kimya. Tukamwachilia shahidi huyo.

Jambo la tatu ni kuliendesha gari mahali pasipo na watu wengi, huku ukisikiliza. Hapa dereva aendeshe na mtu mwingine aandike. Gia ipi hulalamika? Hulalamika wakati wa kupanda gia au wa kushuka? Gari likiwa baridi au likiisha kupata moto? Majibu haya yana maana kubwa. Ikiwa gia zote husaga, rudi kwenye klachi. Ikiwa gia moja tu husaga, hasa ya pili wakati wa kushuka kutoka ya tatu, inaelekea pete ya shaba ya gia hiyo imekwisha. Gari la namna hiyo laweza kuendelea kutumika kwa muda ikiwa dereva ataijua desturi ya madereva wa zamani: akanyage klachi na kuitoa gia, aachilie klachi, aongeze moto kidogo, akanyage klachi tena, ndipo aingize gia. Ikiwa gia ni nzito asubuhi tu, kisha hulainika, yatazame mafuta. Na ikiwa mkono wa gia husogea wenyewe mbele na nyuma kila unapokanyaga au kuachilia moto, raba zinazoshikilia injini na sanduku la gia zimechoka, na mashine nzima yacheza mahali pake.

Lakini gia inayochomoka ndiyo yenye hatari kuliko zote. Huchomoka kwa sababu meno hayakuingiana sawasawa. Huenda meno yenyewe yamelika mviringo, au chemchemi ndogo za kuizuia gia mahali pake zimechoka. Makosa hayo yote yamo ndani ya sanduku. Lakini huenda pia meno ni mazima, ila ufito mlegevu haukuyasukuma hata mwisho wa safari yake, yakashikana kwa ncha tu. Dereva aona mkono wa gia umefika, kumbe gia yenyewe haikufika. Mteremkoni, uzito wa gari ukiisukuma injini, ncha hizo huachana.

Kwa hiyo jambo la nne ni kwenda chini ya gari na kutazama. Nawasihi, mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Ama liinuliwe na kuwekwa juu ya vigingi vya chuma vilivyo imara, ama liingizwe juu ya shimo la gereji, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Magari mengine yana mabamba ya kufunika tumboni. Hayo yafunguliwe kwanza. Mtu mmoja akae mbele na kuusogeza mkono wa gia polepole. Wa pili alale chini na kuutazama ufito. Mkono wa gia ukisogea na ufito ukachelewa, ulegevu uko mbele, chini ya mkono wenyewe. Ufito ukipanda na kushuka badala ya kwenda mbele na nyuma, bushi imelika. Ufito ukizunguka na chuma kinachoingia katika sanduku la gia kisizunguke pamoja nao, kiungo ndicho kilicholegea.

Mwalimu alikaa mbele, mimi nikalala chini. Nilimwambia, "Mwalimu, tia ya pili." Akatia. Nikaona ufito ukija, ukafika kwenye kiungo, kisha kiungo chenyewe kikateleza upana wa ukucha kabla ya kupeleka mwendo ndani. Nikaigusa skrubu yake kwa vidole, ikazunguka. Waya mwembamba ambao hufungwa ili skrubu hiyo isilegee haukuwapo. Na ile bushi ya mbele, nilipoimulika kwa tochi, ilikuwa imebaki vipande viwili tu, vikavu kama ganda la yai.

Nilitoka chini nikamwonyesha. Yule mzee hakusema neno kwa muda. Kisha aliniuliza, "Hicho ndicho kilichotaka kuwaua wajukuu wangu?"

Hata hivyo hatukushangilia bado, kwa kuwa mashahidi hawakuwa wamekwisha. Jambo la tano ni kuyatazama mafuta ya sanduku la gia, nayo humwambia mtu yaliyo ndani bila kulifungua sanduku. Gari likiwa tambarare, kizibo cha kujazia, kilicho ubavuni, hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 17. Kifungueni hicho kabla ya kile cha chini cha kumwagia. Wako watu waliomwaga mafuta yote, kisha wakakuta kizibo cha juu kimekwama, gari likawa haliwezi kwenda popote. Mafuta yapaswa kufika ukingoni mwa tundu la kujazia. Yamwage yakiwa na joto, kisha ukitazame kizibo cha chini, ambacho mara nyingi huwa na sumaku. Uji mwororo wa rangi ya kijivu ni uzee wa kawaida. Chembe za rangi ya dhahabu zaonyesha kwamba pete za shaba zalika. Lakini vipande vya chuma vyenye pembe, au kipande cha jino, hivyo ni ushahidi mzito, na gari lisiendeshwe tena mpaka sanduku lifunguliwe.

Katika kuyarudisha mafuta, sanduku la gari hili huchukua karibu lita tatu na nusu. Namba ya mafuta ni 90, au 80W-90, ya daraja la GL-4. Usipewe GL-5 kwa kuambiwa kwamba namba kubwa ndiyo bora. Baadhi ya mafuta hayo yana dawa zinazoweza kuzila zile pete za shaba katika masanduku ya kale.

Kizibo cha Mwalimu kilikuwa na uji wa kijivu tu. Mafuta yalikuwa yamepungua na kuwa meusi, tukayabadilisha.

Siku ya Jumatatu tulirudi kwa fundi yule yule. Mwalimu alitaka kwenda kwingine kwa hasira, lakini nilimwomba asifanye hivyo, maana fundi hakumwambia uongo kwa kusudi. Aliambiwa kwamba giaboksi imeharibika, naye akaitafutia giaboksi. Safari hii tulimpa karatasi moja. Iliandikwa hivi: gia ya pili huchomoka mteremkoni, mkono wa gia ni mlegevu, klachi yaachia vizuri, mafuta hayana vipande vya chuma, skrubu ya kiungo imelegea na haina waya, bushi ya ufito imevunjika. Fundi aliisoma mara mbili. Akaingia chini ya gari, akakaa kidogo, akatoka akisema, "Mzee, kweli tupu." Alitia bushi mpya yenye grisi, akabadilisha kiungo, akaikaza skrubu na kuifunga kwa waya. Kisha alitia alama kwa msumari mahali kitako cha mkono wa gia kilipokuwa, akakilegeza na kukipanga upya hata kila gia ikaingia mpaka mwisho wake. Alama hiyo ni jambo la busara. Usilegeze kitu kinachopangwa bila kujua kilikuwa wapi. Malipo yote, vipuri na kazi, hayakufikia bei ya mbuzi mmoja.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu na mimi tulikwenda wawili tu, bila watoto, kuijaribu Kombi katika mteremko ule ule. Juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, alisimama, akaingiza gia ya pili, akaanza kuteremka kwa mwendo wa pole. Hakungoja gari lishike kasi ndipo ashushe gia. Katika mteremko mrefu gia ndogo huingizwa juu, wala mtu asishuke akiwa ameitoa gia ili kuokoa petroli. Nilimwona akiutazama mkono wa gia kila mara. Haukusogea. Tulipolifikia lile kanisa dogo alisimamisha gari, akafuta jasho usoni, akasema, "Sasa naweza kumwambia mama watoto aweke mikono yake mapajani."

Wasomaji wapenzi, sisemi kwamba masanduku ya gia hayafi. Hufa. Likivuma kama nyuki katika gia moja na kunyamaza katika nyingine, likitoa vipande vya chuma, au likiendelea kuchomoa gia baada ya ufito, kiungo na raba kutengenezwa, basi limekwisha kusikilizwa na hukumu ni ya haki. Nisemalo ni kwamba hukumu iwe ya mwisho, wala si ya kwanza. Anza na kisichohitaji fedha, yaani macho na masikio. Kisha kinachohitaji fedha kidogo, yaani waya, bushi na mafuta. Na mwisho kabisa kile kinachohitaji ng'ombe. Na mwendeapo kwa fundi, chukueni karatasi yenye dalili, msichukue jina la ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini yuko pia mtu anayebomoa ukuta mzima kwa sababu ya ufa ambao hakuutazama.

Ile hati ya kuuza ng'ombe haikuandikwa. Karatasi yake, iliyokuwa na tarehe tu, ndiyo tuliyoigeuza kumwandikia fundi zile dalili.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza habari za breki zinazopata moto mteremkoni. Kwaherini.